Jeti Ndogo za Wichita: Zilivyozaliwa, Zilivyochoka na Zilivyopewa Injini Mpya

Ndege aina ya Cessna Citation iliyotoka kiwandani Wichita, Kansas, katikati ya miaka ya 1970 inauzwa leo Marekani kwa bei ya nyumba ya kawaida. Mpya ya daraja hilohilo haipatikani bila mamilioni kadhaa ya dola. Mtu akilinganisha bei hizo mbili anaona amepata bahati, na hapo ndipo wengi wameumia. Bei ya kununua jeti hushuka kila mwaka, lakini gharama ya kuitunza haishuki nayo. Injini, matairi na saa za fundi hulipiwa kana kwamba ndege ingali mpya.

Kwa nini basi baadhi ya jeti hizi za zamani bado zinaruka kila siku, na nyingine zilizogharimu zaidi zimekatwakatwa kuwa chuma chakavu? Jibu liko kwenye injini, kwenye bei ya mafuta, na kwenye sheria za anga zilizobadilika mara kwa mara tangu miaka ya 1960. Bodi ya ndege mara nyingi haina kosa. Alumini iliyokaguliwa vizuri na kukingwa na kutu hudumu kuliko mtu aliyeiunda.

Kabla ya 1960: jeti za wakubwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni kubwa za Marekani zilizotaka ndege zao wenyewe zilinunua ndege za pangaboi zilizoachwa na jeshi, zikatiwa viti vya ngozi na meza za mikutano. Jeti zilipokuja, zilikuja kwa mlango wa jeshi. Lockheed JetStar yenye injini nne iliruka mara ya kwanza Septemba 1957, na Sabreliner ya kampuni ya North American ikaifuata mwaka mmoja baadaye. Zote mbili zililenga mahitaji ya Jeshi la Anga kwanza. Wafaransa walikuwa wametangulia mwaka 1954 na Morane-Saulnier Paris, jeti ya viti vinne ambayo abiria aliingia kwa juu kama rubani wa ndege ya vita. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoundwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa kawaida mwenye haraka zake.

1960–1964: Bill Lear na bawa la Uswisi

William Lear, aliyezaliwa Hannibal, Missouri, mwaka 1902, hakumaliza shule. Alijipatia jina kwa redio za magari, kisha kwa vifaa vya ndege. Chombo chake cha kuiongoza ndege ya jeti bila mkono wa rubani kilimpatia tuzo ya Collier, heshima kubwa kabisa katika urukaji wa Marekani. Katika miaka ya 1950 alikuwa akizigeuza Lockheed Lodestar kuu-kuu kuwa ndege za matajiri, kwa hiyo soko alilijua kutoka ndani.

Uswisi, wakati huo, ilikuwa imebuni ndege ya kivita iliyoitwa P-16. Iliruka mwaka 1955, lakini mbili za majaribio zikaanguka kwenye Ziwa Konstanz, na mwaka 1958 serikali ikafuta oda ya ndege 100. Lear aliona kilichobaki: bawa zuri, lenye nguvu, lisilo na mwenyewe. Alianzisha kampuni huko Uswisi mwaka 1960, akagundua kwamba kazi inakwenda polepole mno kwa mtu wa tabia yake, na mwaka 1962 akahamishia kila kitu Wichita. Tarehe 7 Oktoba 1963 Learjet 23 ikapaa.

Injini yake ina asili ya kushangaza. General Electric CJ610 ilitokana na J85, iliyobuniwa awali kwa ajili ya Quail, kombora lisilo na bomu ambalo ndege ya mabomu B-52 ingeliachia angani ili kuzidanganya rada za adui. Injini ya kombora la aina hiyo lazima iwe ndogo, nyepesi na yenye nguvu nyingi, na hakuna aliyeijali sana hamu yake ya mafuta, kwa kuwa safari ilikuwa moja tu. Lear alichukua mbili za ukoo huo akazifunga nyuma ya ndege ya abiria wachache. Sifa zote na matatizo yote ya Learjet za mwanzo yanaanzia hapo.

Lear alifanya uamuzi mwingine uliokuwa na uzito uleule. Sheria za Marekani ziliruhusu ndege isiyozidi pauni 12,500, yaani kilo 5,670, kupimwa kwa kanuni za ndege ndogo, ambazo ni nyepesi na za gharama nafuu kuliko za ndege za abiria. Learjet 23 ilibanwa ikae chini ya mstari huo.

Juni 1964 ndege ya kwanza ya majaribio iliteketea. Rubani wa serikali alikuwa akijaribu kupaa kwa injini moja, na vibao vya juu ya bawa vinavyoondoa nguvu ya kuinua vilikuwa vimeachwa wazi. Ndege ikashuka shambani ikashika moto, lakini waliokuwemo walitoka hai. Mtu mwingine angefunga duka. Lear alipokea fedha za bima, akaendelea na ndege ya pili, na tarehe 31 Julai mwaka huohuo akapata cheti, akiwa amemtangulia mshindani wake Jet Commander. Mteja wa kwanza alikabidhiwa ndege Oktoba 1964.

1964–1970: mwendo wa kasi na gharama yake

Learjet 23 ilikwenda karibu kilometa 900 kwa saa na kufika futi 40,000 kwa dakika saba hivi. Ndege za vita za muongo uliopita zisingeona haya kuwa na uwezo huo. Frank Sinatra alinunua yake mwaka 1965. Mei 1966 Learjet 24 iliizunguka dunia kwa saa 50 na dakika 20 za kuwa angani. Jina Learjet likawa jina la jeti yoyote ya tajiri, hata isiyotoka kwa Lear.

Marubani walijua upande wa pili. CJ610 ilikunywa mafuta kupita kiasi ndege ikiwa chini. Kilichopaswa kufanyika ni kupanda moja kwa moja hadi futi 41,000 na zaidi, kwenye hewa nyepesi, na kubaki huko. Mwongoza ndege akiizuia futi 10,000 kwa dakika ishirini, hesabu yote ya safari ilivurugika na rubani akaanza kutafuta uwanja wa karibu. Isitoshe, wengi wa marubani hao walitoka kwenye pangaboi za mwendo wa pole. Learjet haikumsubiri mtu kufikiri. Karibu na kikomo chake cha kasi pua ilielekea kuinama, na asiyeidhibiti mapema alijikuta akishuka kwa kasi isiyozuilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ajali kadhaa za ndege za mfululizo wa 20 (Learjet 23, 24 na 25), mamlaka ya anga ya Marekani iliupitia upya uundaji wake.

Lear mwenyewe hakukaa kuona hayo. Aliishiwa fedha, na mwaka 1967 kampuni ikaenda kwa Gates, watengenezaji wa bidhaa za mpira wa Denver.

1968–1977: Cessna yachagua mwendo wa pole

Mtaa wa pili katika mji uleule wa Wichita, Dwane Wallace wa Cessna alitazama jeti hizo na kuuliza swali tofauti. Mwenye pangaboi ya injini mbili, anayerukia viwanja vifupi, anahitaji jeti gani? Jibu lilitangazwa Oktoba 1968, likaruka Septemba 1969 na kupata cheti mwaka 1971. Nalo ni Citation 500.

Bawa lake lilikuwa nene na lililonyooka, na barafu iliondolewa kwa mipira inayovimba mbele ya bawa, kama kwenye pangaboi. Injini zilikuwa JT15D za Pratt & Whitney ya Kanada, kila moja pauni 2,200 za msukumo. Hizi zilikuwa na feni kubwa mbele, ambayo hupitisha hewa nyingi nje ya kiini cha injini. Ndiyo maana zilikuwa tulivu na zenye kubana mafuta. Ndege ilikwenda kama kilometa 650 kwa saa, ikatua mahali ambapo Learjet haikuthubutu.

Ilichekwa mno. Watu wa Learjet walisema ndege wa porini wangeigonga kwa nyuma. Lakini waliocheka walikuwa wakipima kitu kimoja tu, kasi, na kwa safari ya kilometa 600 tofauti kati ya ndege hizo mbili ni dakika chache. Mwenye kiwanda mdogo aliyerusha ndege yake mwenyewe alihitaji ndege itakayomsamehe akikosea, na Cessna ilimuuzia hiyo pamoja na mafunzo. Naamini huu ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika historia hii.

Mwaka 1977 ikaja Citation 501. Kwa macho ni ileile, ila imepimwa kwa kanuni za ndege ndogo, na uzito wake ukawekwa chini ya zile pauni 12,500 alizozitumia Lear. Faida yake: rubani mmoja anatosha kisheria. Kwenye 500, sheria inataka marubani wawili, isipokuwa mwenye ndege apate kibali maalumu na mafunzo ya kila mwaka. Hadi leo tofauti hiyo ya karatasi inaonekana kwenye bei. Ndege mbili zilizofanana, za mwaka mmoja, zinauzwa bei mbalimbali kwa sababu moja inamlazimisha mwenyewe kulipa mshahara wa rubani wa pili.

1973–1990: mafuta yapanda, injini zabadilishwa

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha mafuta kwa Marekani, na jeti zilizokunywa kama kombora zikageuka mzigo. Bahati njema, huko Phoenix, Arizona, kampuni ya Garrett ilikuwa na injini tayari. TFE731 ilijengwa juu ya kiini cha injini msaidizi ya DC-10, ile inayokaa mkiani kutoa umeme na hewa ndege ikiwa imeegeshwa. Kwa kila pauni ya msukumo ilichoma karibu nusu ya mafuta ya CJ610, na kelele zake zilikuwa ndogo zaidi.

Learjet waliirefusha bodi yao, wakafunga TFE731 mbili za pauni 3,500, na mwaka 1974 Learjet 35 ikapata cheti. Ndugu yake, 36, yenye tangi kubwa zaidi, ilitumiwa na mcheza gofu Arnold Palmer kuizunguka dunia mwaka 1976 kwa saa 57 na dakika 25. Zaidi ya 700 za aina hizo mbili zilitengenezwa, na Jeshi la Anga la Marekani likachukua zake kwa jina la C-21.

Hapo ndipo biashara ya kuhuisha jeti za zamani ilipoanza kwa uzito. JetStar zilizokuwa zikiunguruma kwa injini nne za kale zilifungwa TFE731 na kupata umbali mrefu zaidi. Jet Commander, iliyokwisha kuhamia Israeli na kuwa Westwind, ikapewa injini hiyohiyo. Waingereza wakaiweka kwenye jeti yao ya 125 mwaka 1976, na mwishoni mwa miaka ya 1980 hata Falcon 20 ya Kifaransa ikapata nafasi ya kubadilishiwa. Bodi zilizopata injini mpya ziliongezewa miongo. Zilizokosa, kama Sabreliner za mwanzo na Learjet 23, 24 na 25, zikaanza safari ya kuelekea uwanja wa vipuri.

1992 na baada yake: kombora la pili

Sam Williams wa Michigan alitengeneza injini ndogo sana. Moja ya kazi zake, F107, iliendesha kombora la Tomahawk. Kutoka kwenye ujuzi huo ilikuja FJ44, iliyopata cheti mwaka 1992 na kufungwa kwenye CitationJet, mrithi wa Citation ya kwanza. Kwa mara ya pili, basi, jeti ndogo ya raia ilipata uhai kutoka kwenye karakana ya makombora. Safari hii kombora lilitakiwa kwenda mbali sana kwa mafuta kidogo, na injini ikarithi tabia hiyo.

Haikuchukua muda mrefu mafundi kujiuliza kama FJ44 ingekaa kwenye Citation za zamani. Kampuni ya Sierra, mjini Uvalde, Texas, iliyokwisha kuzirefushia mabawa Citation za 500 na 501, ilizifungia FJ44-2A. Kwenye karatasi faida inaonekana ndogo: pauni 2,300 badala ya 2,200. Ukweli unaonekana juu. JT15D hupoteza nguvu upesi hewa inapokuwa nyepesi, kwa hiyo Citation ya asili husuasua kuanzia futi 30,000, na mara nyingi hulazimika kuchoma mafuta kwanza ili iwe nyepesi ndipo ipande tena. FJ44 hushikilia nguvu zake, na ndege hupanda bila kupumzika hadi kimo ambacho mafuta huenda mbali. Mwendo huongezeka, umbali huongezeka, na rubani hupita juu ya mawingu ambayo zamani aliyapita katikati.

Bei ya kazi hiyo huzidi mara kadhaa thamani ya ndege yenyewe kabla ya kuguswa. Anayekubali kulipa hufanya hesabu ya kulinganisha na jeti mpya, na kwa hesabu hiyo hajakosea. Ila akiuza kesho hatarudishiwa fedha zake.

1997–2020: sheria za anga zachuja

Zamani ndege zilizoruka juu ya futi 29,000 zilitenganishwa kwa futi 2,000, kwa sababu vipima-kimo vya kutumia hewa havikuaminika huko juu. Anga ilipojaa, nafasi hiyo ikapunguzwa hadi futi 1,000, kuanzia Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1997, Marekani Januari 2005, na Afrika Septemba 2008. Ndege inayotaka kuingia tabaka la futi 29,000 hadi 41,000 lazima iwe na vipima-kimo viwili vinavyojitegemea, chombo kinachoishikilia kwenye kimo bila kuyumba, na vipimo vilivyothibitishwa kwenye bodi yake.

Kwa jeti ya zamani hii ilikuwa hukumu. Ikikosa kibali hubaki chini ya futi 29,000, mahali penyewe ambapo injini zake hunywa mafuta kuliko kwingine. Learjet 24 iliyonunuliwa kwa fedha kidogo ilitakiwa kutiwa vyombo vya gharama inayokaribia thamani yake, na wengi wakaegesha. Kisha ikaja sheria ya kelele: baada ya tarehe 31 Desemba 2015 jeti ndogo zenye kelele za kiwango cha zamani zilikatazwa kuruka ndani ya Marekani, isipokuwa zitiwe vizima-kelele. Januari 2020 ikafuata amri ya kila ndege katika anga yenye shughuli nyingi kutangaza yenyewe mahali ilipo kwa redio.

Citation zilivuka vichujio vyote vitatu kwa urahisi zaidi. Zilikuwa tulivu tangu kuzaliwa, na kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi, ililipa kampuni za vyombo kuziandalia vifaa. Nyingi leo zina skrini za Garmin mahali palipokuwa na saa za mviringo, na rubani anaona milima, hali ya hewa na ndege nyingine kwa mtazamo mmoja. Pia uzito hupungua, maana masanduku ya zamani yaliyojaa puani huondolewa.

Wilson, Nairobi

Wasomaji wa Afrika Mashariki wameiona faida ya bawa lile lililonyooka bila kuitambua. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mchana kuna joto, na injini yoyote hupungukiwa nguvu huku ndege ikihitaji njia ndefu zaidi kupaa. AMREF Flying Doctors walipotaka jeti ya kubebea wagonjwa kutoka hapo, Citation Bravo, kizazi cha Citation II, ilikuwa chaguo lenye mantiki: inapaa kwenye njia fupi, ina nafasi ya kitanda na daktari, na mafundi wanaijua. Mgonjwa aliyetolewa mbali akafikishwa Nairobi jioni ileile anadaiwa kitu na uamuzi uliochekwa Wichita mwaka 1969.

2008 hadi leo: nani anamiliki, kwa gharama gani

Mdororo wa uchumi wa 2008 uliporomosha bei za jeti zilizotumika, na za zamani zilianguka kuliko zote wala hazikuinuka. Learjet, iliyokuwa mikononi mwa Bombardier tangu 1990, ilikabidhi ndege yake ya mwisho Machi 2022. Soko la vipuri sasa linategemea ndege zilizochinjwa ili nyingine ziendelee kuruka.

Wamiliki wa leo wengi ni watu binafsi wanaorusha wenyewe, labda saa 100 hadi 150 kwa mwaka. Kwao hesabu iko wazi. JT15D hufunguliwa sehemu ya moto kila saa 1,750 na kufanyiwa matengenezo kamili kila saa 3,500, na matengenezo hayo hugharimu laki kadhaa za dola kwa injini moja. Citation ina ukaguzi mkubwa kila miezi 36 au saa 1,200, ambapo sakafu na viti hutolewa na mafundi hutafuta kutu na nyufa. Ndege iliyoegeshwa miaka mitano mara nyingi hutoka kwenye ukaguzi huo ikiwa na orodha ndefu kuliko iliyoruka kila wiki, kwa sababu mipira hukauka na unyevu huingia kwenye viungio.

Kwa hiyo ukiletewa jeti ya zamani, usianze na rangi wala ngozi ya viti. Omba vitabu vya kumbukumbu, usome saa zilizobaki kwenye kila injini, tarehe ya ukaguzi mkubwa uliopita, na kibali cha kuruka juu ya futi 29,000. Kama injini zote mbili zimekaribia kikomo, bei halali ya ndege hiyo ni bei ya vipuri vyake, hata ingekuwa inang'aa namna gani.